Herufi Kifuani

Sanamu ndogo za wanamichezo, zile ambazo watu wazima huzikusanya na kuzipanga kwenye rafu za vioo, hunikera kwa jambo moja: mchezaji yuko hewani daima. Anadaka, anapiga, anaruka kuelekea ringi. Mtu ambaye angeijua michezo kupitia sanamu hizi peke yake angeamini kwamba hakuna mchezaji aliyewahi kusimama akingoja mpira uje upande wake. Mimi nilicheza netiboli sekondari miaka minne, nafasi ya GK, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nangoja.

Chukua Starting Lineup, midoli iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1988 na kampuni ya Kenner ya Cincinnati. Wazo lilikuwa la Pat McInally, ambaye kabla ya hapo alicheza futiboli ya Kimarekani katika timu ya Cincinnati Bengals. Kila mdoli ulikuwa mchezaji halisi, wa besiboli, wa kikapu au wa futiboli hiyo, mwenye jina lake, namba yake, na kadi yake ndani ya pakiti. Uzalishaji ulisimama mwaka 2001, kisha Hasbro wakaufufua mwaka 2022 kwa wachezaji wa NBA. Kama kazi za mikono, zile za zamani hazinivutii. Ukifunika jina na namba, nyuso nyingi ni za ndugu wa tumbo moja. Lakini linalonishangaza zaidi ni soko lake. Pakiti ikifunguliwa, bei inaporomoka. Kwa hiyo mtu aliyepata umaarufu kwa kukimbia na kugongana na wenzake anahifadhiwa kwa sharti kwamba asiguswe. Nimetazama video za wakusanyaji wakigeuza pakiti mbele ya kamera kwa ncha za vidole, na kila mara natamani mtoto aingie chumbani ghafla.

Sanamu ninayoitetea ni nyingine, na kwa sura ni duni kuliko hizo. Mwaka 1946 Mwingereza Peter Adolph, aliyeishi karibu na Tunbridge Wells, alitangaza mchezo wa mpira wa mezani, na mwaka uliofuata seti za kwanza zikatoka. Alitaka kuusajili kwa jina la Hobby. Alipokataliwa, akakumbuka kwamba hobby kwa Kiingereza ni pia aina ya kozi, akachukua jina la Kilatini la ndege huyo: Subbuteo. Seti za mwanzo hazikuwa na uwanja. Ndani ya sanduku mlikuwa na wachezaji wa kadibodi, kipande cha chaki, na maelekezo ya kuchora mistari juu ya blanketi kuukuu la jeshi. Vita vilikuwa vimeisha juzi tu.

Msomaji aliyekulia Tanzania ameshatabasamu. Kaka zangu walikuwa na ligi nzima ya vizibo vya soda, Fanta dhidi ya Coca-Cola, mpira ukiwa shanga, uwanja ukiwa sakafu ya saruji iliyochorwa kwa chaki iliyotoka darasani bila ruhusa ya mwalimu. Walikisukuma kizibo kwa ukucha wa kidole cha shahada, na ndivyo hasa Subbuteo inavyochezwa. Hawakuwahi kusikia jina hilo. Nadhani Adolph naye angekaa chini akacheza bila kuuliza sheria.

Wachezaji wa kadibodi walifuatwa na wa plastiki, kila mmoja amesimama juu ya kitako cha duara kama kibakuli kilichofunikwa, kizito kiasi cha kumrudisha wima akiyumba. Nilinunua tisa Karume, ndani ya fungu la midoli ya mtumba, wawili wakiwa wamevunjika miguu na kugundishwa na mtu nisiyemjua. Mchezaji wa namna hii hana uso wa kutambulika. Hafungi bao la kihistoria. Amesimama, mikono imetulia ubavuni, na hawezi lolote mpaka kidole kimfikie. Umbo ni lile lile, rangi ndiyo inayobadilika, kiasi kwamba sanduku moja la jezi nyekundu na kaptula nyeupe liliweza kuwa Manchester United leo na klabu nyingine kesho.

Hapo ndipo niliiona netiboli yetu. Katika netiboli jina lako ni herufi. Unavaa kizibao kilichoandikwa GK kifuani, na ukitolewa unakivua, anakivaa mwenzako kikiwa bado kimelowa jasho lako. Tulikuwa na seti moja tu ya vizibao; kile cha WD kilipotea mwaka wangu wa pili, tukaandika herufi kwa maka peni kwenye fulana. Na sheria zenyewe ni za mtu aliyesimama juu ya kitako: ukishika mpira huendi nao popote, una sekunde 3 za kuuachia, na beki lazima awe umbali wa futi 3 kutoka mguu wa mwenye mpira. Kazi yangu ilikuwa kupima futi hizo kwa macho, kunyoosha mikono, na kuinama mbele bila kuanguka. Hakuna mchezo unaofaa sanamu kuliko huu. Sijawahi kuona sanamu yake hata moja.

Kutokuwa na uso, basi, kuna upande wa pili ambao siwezi kuupita. Watu wadogo wa LEGO walikuwa na nyuso za njano kwa miongo kadhaa, rangi iliyodaiwa kuwa ya kila mtu. Mwaka 2003, LEGO walipotengeneza wachezaji halisi wa NBA, njano haikutosha, wakalazimika kuweka rangi za ngozi za kweli. Subbuteo nayo: mtu asiye na uso anaweza kuwa yeyote, ila kwa miaka mingi huyo yeyote alikuwa mwanamume. Seti ya timu mbili za wanawake iliyotengenezwa na Hasbro pamoja na chama cha soka cha England, FA, ilitoka mwaka 2018. Zaidi ya miaka 70 baada ya tangazo la Adolph! Wakati huo walikuwa wameshauza taa za uwanjani, mashabiki wa kuketi jukwaani, polisi, wapiga picha na watu wa huduma ya kwanza.

Hata hivyo vikorokoro hivyo ndivyo ninavyovipenda kuliko wachezaji. Mtu fulani kiwandani alijua kwamba mechi ina watu wengi wasiogusa mpira. Shuleni kwetu walikuwepo mgawa machungwa wakati wa mapumziko, dada wa kidato cha nne aliyeshika viatu vya watu saba, na mwalimu wa zamu aliyesimama chini ya mwembe akiangalia saa.

GS wetu alikuwa mfungaji bora niliyewahi kumkaba. Kila jioni mazoezini nilisimama futi zangu 3 mbele yake, na kila jioni mpira ulipita juu ya vidole vyangu. Tulipokwenda mashindano ya UMISSETA ngazi ya wilaya alifunga karibu magoli yote ya timu. Kidato cha tatu aliacha shule, kwa sababu ambazo ni zake kuzisimulia. Sina picha yake akiwa na mpira, simu hazikuruhusiwa. Kizibao chake alikivaa mwingine Jumatatu iliyofuata, herufi zile zile, naye alirusha vizuri tu.

Starting Lineup wangempa uso, jina na kadi, kisha wangemfungia ndani ya plastiki. Subbuteo wangempa rangi ya jezi na kitako cha kusimamia. Kati ya hayo mawili bado nachagua la pili, lakini fundi atakayetengeneza timu ya netiboli ningemwomba nyongeza. Asitengeneze saba. Aweke na wawili wa benchi, na ndoo ya machungwa. GS amwache ameinua mpira kwa mkono mmoja, macho kwenye ringi, kabla haujamtoka. GK naye amsimamishe mbele yake, mikono juu, kwa umbali ambao refa hawezi kuulalamikia.