Mpishi Aliyeichora Nyika

Ukisimama Ishiara na kuupa mgongo Mlima Kenya, macho yanateremka mashariki hadi bonde la Mto Tana. Ni nchi ya migunga, mawe na jua kali, ya ndengu na mtama, ya mbuzi wanaosimama kwa miguu miwili ili wafikie majani. Anayeshuka kutoka mashamba ya chai ya Embu ya juu hupita haraka, akisema moyoni kwamba hapa hapana cha kutazama. Ng'ambo ya Tana nchi ni ileile, ila wakazi si Wambeere tena bali ni Wakamba. Huko Mwingi, mwaka 1947, alizaliwa Kivuthi Mbuno, ambaye aliitazama nyika hiyo mpaka akakosa nafasi ya kutosha kwenye karatasi.

Hakupitia chuo cha sanaa. Kazi yake ilikuwa upishi wa safari, ile ya kuandamana na wageni porini Kenya na Tanzania. Ni kazi inayohitaji subira. Mpishi wa kambini huamka kabla ya ndege, huchochea kuni, hufukia mkate kwenye makaa, kisha hungoja. Wenzake wanapoondoka na bunduki au kamera, yeye hubaki na sufuria na pori. Wageni huona simba kwa dakika kumi na kumsimulia mwaka mzima. Mpishi humwona swala akija, akisita, akinusa moshi, akigeuza shingo, akaondoka. Kesho humwona tena. Hapo ndipo jicho linapofundishwa kazi, bila mwalimu.

Mnamo 1976 Mbuno alianza kuchora. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na safari za bunduki zikafikia mwisho. Picha zake, kwa namna fulani, ziliuhifadhi ulimwengu uliokuwa ukifungasha mizigo.

Vifaa vyake ni vile ambavyo mtoto wa shule angevitambua: karatasi, wino, penseli za rangi na krayoni za nta. Visikudanganye kwa uchache wao. Mstari wa wino ukishakauka haufutiki. Nta nayo ikishashika karatasi huukataa wino, kwa hiyo mchoraji lazima ajue kipi kitangulie na kipi kifuate, kama mpishi anavyojua kitunguu kinaingia lini. Rangi hafifu huwekwa kwanza, nzito hupandishwa juu yake polepole. Ukiharakisha unapata tope.

Sogea karibu na picha yake moja. Kwa mbali umeona watu wembamba wenye viungo virefu, wanyama waliorefushwa kidogo kuliko walivyoumbwa, na anga inayobadilika rangi kuelekea upeo wa macho. Sasa tazama chini, penye miguu yao. Ardhi haikupakwa rangi moja ikaachwa. Imetiwa vistari na vidoa, kokoto na vishungi vya nyasi, kimoja baada ya kingine. Mchoraji mvivu angeandika “nyasi” kwa mpigo mmoja wa kijani. Mbuno alizipanda. Na mtu aliyekulia nyika anajua kwamba hivyo ndivyo ilivyo: nyasi za huku hazitandiki kama zulia, zinaota kishungi kishungi, na kati yake kuna udongo unaoonekana.

Sifa zilimfikia kwa njia ambayo mpishi wa kambini hakuwa na sababu ya kuitarajia. Jijini Nairobi kulikuwa na Gallery Watatu, iliyoitwa hivyo kwa sababu waanzilishi wake walikuwa watatu. Kuanzia miaka ya 1980, chini ya Ruth Schaffner, ilifungua mlango kwa wachoraji wengi waliojifunza wenyewe, na kazi za Mbuno zilipata wanunuzi humo. Kisha mwaka 1989 lilifanyika Paris onyesho la Magiciens de la Terre, lililoweka wasanii wa Afrika bega kwa bega na wa Ulaya. Jean Pigozzi alilitembelea, akavutwa, akaanza kukusanya sanaa ya Afrika akisaidiwa na André Magnin. Michoro ya Mbuno iliingia katika mkusanyo huo, mmoja wa mikubwa zaidi duniani wa sanaa ya Afrika ya leo. Kichaka cha Ukambani kikavuka bahari.

Ni rahisi kusema kwamba Wazungu ndio waliomfanya kuwa mchoraji. Si kweli. Wao walimkuta ameshamaliza kazi ngumu, ile ya miaka mingi ya kutazama. Walichokinunua ni karatasi. Ujuzi ulikuwa umeshaiva kwenye mafiga.

Ndiyo maana kisa hiki kinaihusu Ishiara. Watoto wa hapa wanakua wakiitazama nchi ileile alimozaliwa Mbuno, wakichunga mbuzi chini ya migunga ya aina ileile, wakiwa na saa nyingi za kungoja. Mwalimu anayewaambia wachore mandhari mara nyingi huletewa nyumba ya vigae, mnazi na bahari ambayo hawajawahi kuiona. Awatoe nje. Awape karatasi na krayoni, awaketishe mbele ya kishungi kimoja cha nyasi, na asiwaruhusu kuinuka mpaka wamekimaliza.