Uzi wa Kipindupindu

Bakteria wa kipindupindu tunamjua kwa maafa yake, na hajasingiziwa. Lakini mtazame huko anakoishi, kwenye maji ya bahari karibu na midomo ya mito, amejishikiza juu ya gamba la kijidudu cha majini. Hapo utamkuta fundi.

Gamba lina kaitini, ileile ya kaa na kamba. Mwaka 2005 watafiti wa Stanford walionyesha kuwa bakteria huyu akikaa juu ya kaitini hujiandaa kuokota DNA iliyozagaa majini. Hutoa uzi wa protini, mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara 10,000. Uzi unachomoza, unapapasa, unarudi ndani, unachomoza tena.

Kuuona ulikuwa ufundi mwingine. Courtney Ellison, Ankur Dalia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walibadilisha asidi amino moja tu katika protini ya uzi, wakaweka sisteini, ili rangi ing'aayo ipate pa kunasa bila kuuharibia uzi mwendo wake. DNA wakaipa rangi yake. Picha walizotoa mwaka 2018 zinaonyesha ncha ikiigusa DNA, uzi ukirudi, na DNA ikifuata mpaka kwenye tundu la utando wa nje. Ncha ndiyo inayoshika, na ni busara tupu: tundu ni finyu mno, DNA haiingii ikiwa imeshikwa ovyo. Ni kutunga sindano, tena bila macho wala vidole.

Ikishaingia, protini ya ComEA huing'ang'ania isiteleze kurudi nje. DNA ina nyuzi mbili. Mmoja huvunjwavunjwa, mwingine hupenya utando wa ndani. Protini nyingine, RecA, huupokea na kuupitisha kwenye kromosomu, ikitafuta sehemu inayofanana nao. Ikipatikana, kipande kigeni huchukua nafasi ya cha zamani. Isipopatikana, kipande hicho huishia kukatwakatwa.

Heshima yangu hupungua kidogo nikifika kwa majirani. Kaitini hiyohiyo humchochea kuwadunga sumu bakteria wa karibu, wakapasuka na kumwaga DNA yao. Ndivyo watafiti wa Lausanne walivyoripoti mwaka 2015.

Na anachookota si kidogo. Mwaka 2007 Melanie Blokesch na Gary Schoolnik walimweka juu ya kaitini bakteria wa kundi la O1 pamoja na DNA ya O139. Wengine waligeuka O139, kundi ambalo kinga ya mtu aliyewahi kuugua O1 haimkingi nalo.