Walirudi Kwao au Waliondoka Kwao? Tahakiki ya Sentensi Moja ya Livingstone

Katika somo letu la tafsiri, niliwahi kuwapa wanafunzi wa mwaka wa pili kifungu kifupi kutoka kitabu cha David Livingstone kuhusu safari zake kusini mwa Afrika, kilichochapishwa London mwaka 1857. Nilikichagua kwa sababu kilionekana chepesi. Mwandishi anaeleza jinsi alivyofika Cape Town mwezi wa Aprili 1852 pamoja na mkewe na watoto wao, akawapandisha meli. Kuagana kwenyewe kumepewa sentensi moja tu. Ndani yake mna meli inayoelezwa kuwa inaelekea nyumbani, mna ahadi ya kuungana nao baada ya miaka miwili, na mna kukiri kwamba utengano huo ulikuja kuwa wa karibu miaka mitano. Basi, msafara unaendelea.

Karibu darasa zima liliandika kwamba familia ilipanda meli "iliyokuwa ikirudi kwao". Mwanafunzi mmoja wa safu ya nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwao ni wapi?" Kipindi kikaisha tukiwa bado kwenye sentensi ileile. Makala hii imetokana na swali hilo.

Kwanza tuwatazame abiria wenyewe. Robert alikuwa na umri wa miaka 6, Agnes 4, Thomas 3, na Oswell alikuwa mtoto mchanga wa miezi 7. Wote wanne walizaliwa kusini mwa Afrika na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona Uingereza. Mama yao, Mary Moffat, naye alizaliwa huku huku, Griquatown, mwaka 1821, akalelewa Kuruman, walikofanya kazi wazazi wake wamisionari. Kitswana alikijua tangu utotoni. Uingereza alikwenda na wazazi wake mwaka 1839, na mwaka 1843 wakarejea Afrika. Kwa hiyo, kati ya wasafiri watano wa meli ile "ya nyumbani", ni mmoja tu aliyekuwa ameiona nchi hiyo, naye aliiona kama mgeni.

Kitenzi rudi kina sharti lake. Harudi mtu mahali ambako hajapata kutoka. Na neno kwao haliwezi kusimama bila mwenyewe: ni lazima pawe na watu ambao mahali hapo ni pao. Kiingereza cha wakati ule kiliweza kuiita Uingereza nyumbani hata kwa mtoto aliyezaliwa ng'ambo, na msomaji wa London asishtuke. Kiswahili hakituruhusu kupita kirahisi namna hiyo. Kinatudai tuseme: nyumbani kwa nani?

Darasa liligawanyika. Upande mmoja ulishikilia kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba. Baba alitoka Blantyre, Scotland. Kwa hiyo kwao watoto ni Scotland, hata kama hawajaiona. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani wengi wetu hapa Uganda tuna watoto waliozaliwa Kampala ambao, wakiulizwa kwao, hutaja kijiji cha babu yao. Upande wa pili ulijibu kwamba kwenu ni pale kilipozikwa kitovu chako. Wakaongeza kwamba babu na bibi wa upande wa mama walikuwa hai Kuruman, na lugha waliyoisikia watoto hao ikizungumzwa pande zote walipokuwa wakikua ilikuwa Kitswana. Mimi niliwaacha wabishane, maana mwalimu akiwahi kutoa jibu huua somo.

Sasa tuingie katika fani. Mary ni mhusika wa namna gani katika kitabu hiki? Kwa kweli anaonekana mara chache sana. Pahala panapokumbukwa na wengi ni pale familia ilipokaribia kuishiwa maji njiani mwaka 1851, watoto wakawa hatarini kufa kwa kiu. Hapo Livingstone anamsifu mkewe kwa kutomtupia hata neno moja la lawama. Machozi yake tu ndiyo yaliyosema. Ni sifa, lakini tuitazame vizuri: mhusika huyu anapendwa na msimulizi kwa sababu ya kunyamaza. Ndiyo maana tunapofika Cape Town hatushangai kwamba hatumsikii. Mwandishi ameshatuzoesha ukimya wake, na sentensi ya bandarini inapita bila sauti ya mama wala kilio cha mtoto.

Hata hivyo, Mary hakuwa bubu. W. G. Blaikie, aliyeandika wasifu wa Livingstone mwaka 1880, amechapisha humo shairi ambalo Mary alilitunga kumkaribisha mumewe alipofika Uingereza mwezi wa Desemba 1856. Kisanaa si shairi kubwa. Mizani yake ni ya kawaida na taswira zake si ngeni. Lakini dhamira yake ni nzito: mke anasema ameisoma machoni mwa mumewe ahadi kwamba hawatatengana tena. Ukilisoma shairi hilo kando ya ile sentensi moja ya mume, unaipata simulizi ambayo kitabu kiliiacha nje. Miaka ile minne na ushei Mary aliishi kwa dhiki, akihama makazi mara kwa mara, akiliandikia shirika lililomtuma mumewe kuomba fedha, na hakuelewana na wakwe zake. Huko ndiko "nyumbani" walikopelekwa.

Haki inatutaka tuutetee pia upande wa Livingstone. Mwaka 1850 binti yao mchanga, Elizabeth, alifariki akiwa na umri wa wiki sita tu. Homa na kiu vilikuwa vimewaandama watoto katika safari za baba yao, na mama mkwe alikwisha mkemea kwa barua kali kwa kumchukua binti yake mjamzito nyikani. Tena, mwezi wa Agosti 1852, miezi minne tu baada ya meli kuondoka, Makaburu waliwashambulia Wakwena wa Sechele, na nyumba ya Livingstone huko Kolobeng ikaporwa. Kuwaondoa watoto Kolobeng kulikuwa na sababu. Kinachohakikiwa hapa ni lugha: neno "nyumbani" linaufanya uamuzi mchungu uonekane kuwa jambo la kawaida, kana kwamba maji yamefuata mkondo wake.

Na yaliyofuata hayakuwa ya kawaida. Mwaka 1858 Livingstone alisafiri tena kwenda Zambezi, watoto wakubwa wakabaki Scotland. Mary alifariki Shupanga, katika Msumbiji ya leo, tarehe 27 Aprili 1862. Robert, yule wa miaka 6 bandarini, alipokua alifika Natal akimtafuta baba yake, asimpate. Akaenda Marekani, akajiunga na jeshi la Kaskazini kwa jina la bandia, akafa mfungwa wa vita mwaka 1864, akiwa na miaka 18. Kitabu hichohicho cha Blaikie kinaonyesha kwamba baba alikuja kujuta kwa kutocheza na watoto wake alipokuwa nao.

Nakiri kwamba siandiki haya nikiwa mbali. Nilipokwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili, mwanangu wa miaka miwili nilimwacha kijijini kwa mama yangu. Niliporudi kumchukua na kumwambia "twende nyumbani", alijificha nyuma ya bibi yake akasema kwamba yeye yuko nyumbani. Sikuwa na jibu. Lugha yangu mwenyewe ilikuwa imenisuta.

Turudi kwenye zoezi letu. Tukiandika "meli ya kurudi kwao", tunaufanya mtazamo wa msimulizi kuwa ukweli wa watoto. Tukiandika "meli iendayo Uingereza", tunasahihisha jiografia lakini tunaufuta mtazamo huo, msomaji asijue kwamba ulikuwapo. Siku iliyofuata yule mwanafunzi wa safu ya nyuma alileta pendekezo: "meli iliyokuwa ikienda kwetu". Msimulizi ni Livingstone, basi mwacheni aseme kwetu. Neno hilo linamrudishia mwenyewe dai lake, na msomaji wa Kiswahili atajiuliza papo hapo kama Mary na watoto wale wamo ndani ya hiyo "-etu".

Nilimpa alama zote za sentensi hiyo. Wasomaji wenye pendekezo bora zaidi wanakaribishwa kuliandikia jarida letu. Ila kabla ya kuandika, naomba mkumbuke kuwahesabu abiria na umri wao.