Lugha ya Njia na Wenye Mzigo: Mfano wa Rumangabo

Msamiati wa watembeaji wa masafa marefu aghalabu huitwa simo, yaani lugha ya mpito isiyostahili kuingia kamusini. Hukumu hiyo ina kasoro, nayo huonekana wazi Rumangabo, kaskazini ya Goma, yaliko makao makuu ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925.

Katika njia za hifadhi hiyo, maneno hufuata kazi. "Pistere", lenye asili ya Kifaransa, ni mfuata nyayo anayetangulia. "Gadi" ni mlinzi mwenye bunduki. "Portere" ni mbeba mzigo. "Ngagi", kutokana na Kinyarwanda, ni gorila. Msomaji wa Dar es Salaam huenda akakiona hiki kuwa Kiswahili kilichoharibika. Hata hivyo, neno "sokwe" analolitumia yeye humtaja gorila na pia mnyama mwingine, yule wa Gombe. "Ngagi" halina utata huo.

Tena, maneno yanayohesabiwa kuwa sanifu yana asili gani? Katika misafara ya karne ya 19, "hongo" ilikuwa malipo kwa mtawala ili msafara upite nchini mwake. Leo ni rushwa. "Posho" ilikuwa riziki ya mpagazi njiani. Leo ni fedha ya mjumbe mkutanoni, na nchini Uganda ni ugali. Hakuna baraza lililoyatunga. Yalienezwa na watu waliotembea.

Hapana budi kutaja tofauti moja. Kwenye njia ya Appalachian, Marekani, mtembeaji hubeba mzigo wake mwenyewe, na wenzake humpa jina la njiani. Virunga, mgeni hutembea na mwingine hubeba. Kwa hiyo orodha ya maneno inayomtosha mgeni, "twende", "simama", "polepole", ni lugha ya upande mmoja: haimpi mbebaji neno la kusema kwamba mzigo umemlemea. Wapagazi wa Kilimanjaro wamejipa jina lao wenyewe, "wagumu"; hilo nalo ni jibu.

Mwaka 2022 mapigano yalifika Rumangabo. Njia ikifungwa, kazi hukoma, na maneno ya kazi hupungukiwa na wasemaji. Mtunga kamusi anayengoja neno likomae ndipo aliandike, huenda akalikuta limekwisha kutoweka pamoja na wenyewe.