Juu ya Kuweka Santuri na Kuzisikiliza Nyumbani

Zamani ukipita jioni katika kijiji chenye mwalimu, karani au fundi, hukukosa kusikia kinanda cha santuri kikilia barazani. Siku hizi vinanda hivyo vimekuwa adimu. Wengine wameviweka darini vikaliwa na kutu, wengine wameviuza kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Tena wako watu mijini, hasa vijana, ambao wameanza kuzitafuta santuri upya, wakazipanga ukutani kama picha. Mimi naona ya kuwa anayezitupa na anayezitundika wamekosa jambo moja, wala hawapitani sana. Wote wawili wameiona sahani, lakini neno lililomo hawakulisikia.

Kwanza na tuifahamu santuri yenyewe. Bwana Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, ndiye aliyebuni mwaka 1887 kinanda cha kupiga sahani bapa. Sahani zilizoenea kwetu hapo kwanza zilikuwa za jamii ya lakiri, kama ile ya kufungia barua. Ni ngumu, lakini zikianguka huvunjika kama chungu. Zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua dakika 3 tu au kuzidi kidogo. Mwaka 1948 huko Marekani zikatolewa sahani za vinili zenye mifuo myembamba, zizungukazo mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande wake mmoja waweza kupita dakika 20. Nataja hesabu hizi kwa sababu hukumu nitakayoitoa yasimama juu ya zile dakika 3.

Katika sahani za kale za lugha yetu, zilizopata sifa kuu ni za Siti binti Saad wa Unguja. Mama huyu alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu kabla hajawa mwimbaji. Mwaka 1928 yeye na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay, Bara Hindi, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza tarumbeta. Sahani zile zikarudi kwetu, zikapigwa pwani na bara. Hivyo mtu ambaye hakupata kuvuka kwenda Unguja aliweza kumsikia Siti akiwa ameketi juu ya mkeka wake.

Hiyo ndiyo fadhili kubwa ya santuri, wala haifai kuidharau. Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert ameandika wasifu wake, na wengi wamekisoma kitabu hicho. Kinatupa maisha yake, taabu zake na heshima aliyoipata. Lakini hata mwandishi hodari namna ile hawezi kuiweka sauti juu ya karatasi. Fungua kitabu, utajua ya kuwa aliimba vizuri. Weka sindano juu ya sahani, utasikia mwenyewe jinsi anavyolishika neno na kulivuta, na fidla ikimfuata nyuma kama mtoto amfuatavyo mamake njiani. Mkwaruzo wa sindano haumzuii. Baada ya kitambo kidogo sikio hulisahau vumbi, likabaki na mtu.

Lakini santuri nayo ina upungufu wake, nao ni mkubwa. Wimbo wa barazani haukupimwa kwa saa. Wasikilizaji wakipendezwa, mwimbaji huurudia ubeti. Wakiitikia, huongeza mwingine. Na aliyekuwapo alijua ni nani anayesemwa na kwa sababu gani. Sahani haikuweza kuyachukua hayo. Mwimbaji alipewa dakika 3, akageuziwa upande wa pili, akapewa 3 nyingine, basi. Majibu ya watu yakabaki nje, na habari iliyouzaa wimbo ikabaki nje vilevile. Kwa hiyo nasema hivi: kitabu kimetupa maisha bila sauti, na santuri imetupa sauti bila habari. Asiyejua hayo ataisikiliza santuri vibaya, kama nilivyoisikiliza mimi.

Babu yangu alifanya kazi katika shamba la mkonge, akaacha kinanda kimoja na sahani 19. Siku moja ya likizo nilikitoa barazani, nikatia ufunguo, nikapiga sahani yenye wimbo uitwao Kijiti. Mwendo wake ulinipendeza. Watoto wa jirani wakaanza kucheza, nami nikawapigia makofi. Bibi yangu alikuwa akichambua mchele uani. Akauweka chini ungo, akaja, akasimama mlangoni.

“Mume wangu,” akaniambia, kama bibi zetu wanavyotuita sisi wajukuu, “wamjua huyo unayempigia makofi?”

“Simjui, bibi.”

“Ni mwanamke aliyeuawa. Ondoa sindano, uketi.”

Nikaondoa sindano, watoto wakanyamaza. Akatuhadithia habari ya mwanamke aliyetoka bara kwenda Unguja kutembea, akaangukia mikononi mwa mtu aliyeitwa Kijiti, akauawa; mwuaji akatoroka akavuka bahari, na waliopata adhabu ni wengine. Kumbe ule ulikuwa wimbo wa mashtaka. Haki ilipokosekana mahali pake, watu waliitafuta katika wimbo. Kisha bibi akaimba polepole beti alizofundishwa na mamake, ambazo katika sahani ya babu hazimo.

Nikajiambia moyoni, “Kesho nitaziandika.” Kesho yake nilikwenda shambani, kesho kutwa nikaenda kusalimu wakwe, shule ikafunguliwa, nikaondoka. Bibi alifariki kabla ya likizo ya pili. Sahani ninayo hata leo, nzima, haina ufa. Beti zile sinazo. Mimi mwalimu, mwenye kalamu mfukoni kila siku, nililinda udongo nikamwaga maji.

Wako watu wasemao, “Ya nini kusumbuka na sahani nzito, maadamu simu ya mkononi inaweka nyimbo elfu?” Sibishani nao juu ya wingi. Lakini angalieni namna tunavyosikiliza simu. Wimbo mmoja haujatua moyoni, wa pili umekwisha kuingia, na hakuna nafasi ya kuuliza neno. Santuri ya kale ikifika mwisho wa dakika zake 3 hunyamaza, na mtu lazima ainuke aigeuze. Katika kunyamaza huko ndiko bibi yangu angeweza kusema kila siku, kama ningalimwuliza. Hivyo ufupi ambao niliuhesabu kuwa upungufu wa santuri, nyumbani hugeuka kuwa faida, ikiwa wenye nyumba watautumia kuzungumza.

Wazee wengine nao hunung'unika wakisema nyimbo hizi ni za kidunia, hazifai katika nyumba ya Mkristo. Zipo kweli zisizofaa, na mwenye nyumba achague, kama anavyochagua vitabu. Lakini wimbo unaomlilia mtu aliyedhulumiwa na kumtaja mwuaji kwa jina lake, sijui ni kwa nini tuufukuze mlangoni. Afadhali kuusikiliza na kuueleza watoto, kuliko kuuacha waucheze bila kujua.

Tena tusidhani ya kuwa kosa la kuweka bila kusikiliza ni letu peke yetu. Huko Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri za vinili zipatazo milioni 41, nazo zikazishinda sidii, ambazo ziliuzwa milioni 33. Hesabu hiyo yashangaza. Lakini uchunguzi uliotangazwa huko mwaka 2023 ulionyesha ya kuwa katika watu walionunua santuri, nusu tu ndio wenye kinanda cha kuzipigia. Nusu ya pili wamenunua sanduku wakaacha ufunguo dukani. Mtu wa namna hiyo ana mali, lakini hana wimbo.

Basi, aliye na santuri nyumbani azitunze hivi. Azisimamishe wima kama vitabu rafuni, asizilaze moja juu ya nyingine. Aziweke mbali na jua na mbali na mabati yenye joto, maana vinili hupindika kwa joto, na ikishapindika haitengenezeki kwa urahisi. Afute vumbi kwa kitambaa laini kabla ya kupiga. Sahani za kale za lakiri asizisafishe kwa spiriti kabisa, kwa kuwa spiriti huiyeyusha lakiri. Tena asipige sahani ya vinili kwa kinanda cha kale chenye sindano ya chuma. Sindano ile nzito itailima mifuo kama jembe, na sauti haitarudi. Na sahani ya mara 78 nayo yataka sindano yake iliyo nene, kwa maana mifuo yake ni mipana.

Hayo ni matunzo ya sahani. Matunzo ya wimbo ni daftari. Nunua daftari moja la shule, uipe kila sahani ukurasa wake. Andika jina la wimbo na la mwimbaji, kama yanavyosomeka katika karatasi ya katikati. Andika aliyeinunua na jinsi ilivyofika nyumbani kwenu. Kisha mwite mzee, mpe kiti, piga upande mmoja, uondoe sindano, umwulize: Wimbo huu ulimhusu nani? Watu waliitikiaje? Ubeti gani haumo? Andika jibu lake siku ile ile, ingawa ni kwa kalamu ya risasi na mwanga wa koroboi. Usiseme kesho.

Wimbo wa Kijiti wenyewe haukufa, kwa sababu waimbaji walipokezana kwa midomo. Hata Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba. Lakini nyimbo zilizobahatika hivyo ni chache. Nyingine zimo katika masanduku yetu, chini ya vitanda, zikingoja mtu wa kuziuliza wakati mzee wa kujibu angali hai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimekwisha kupoteza yangu. Ninyi mlio na bibi na babu, leo jioni kitoeni kinanda barazani.