Denver Ilivyojengwa Kumzunguka Jokić

Desemba 15, 2016, kocha Michael Malone wa Denver Nuggets alifanya badiliko kubwa kwenye kikosi kilichoanza dhidi ya Portland. Alimrudisha Nikola Jokić kwenye nafasi ya senta na kumpeleka Jusuf Nurkić benchi. Denver ilikuwa imeshinda mechi 9 na kupoteza 16. Usiku huo ilishinda kwa pointi 132 dhidi ya 120, na kuanzia hapo hadi msimu unaisha hapakuwa na timu ya NBA iliyoshambulia kwa ufanisi zaidi kuliko Denver. Jokić alikuwa na umri wa miaka 21.

Naanzia usiku ule kwa sababu swali la kama timu ijengwe kumzunguka nyota mmoja mara nyingi huulizwa kwa kipimo kisichofaa. Tunahesabu pointi za nyota, tunapima jina lake, tunaangalia jezi zinavyouzwa. Mimi naangalia wale wanne wengine. Nyota akishika mpira, wanafanya nini? Wakisimama kumtazama, timu hiyo itategemea mkono wa mtu mmoja hadi siku mkono huo uchoke. Wakianza kukimbia kwa sababu wanajua pasi itawafikia, hapo kuna msingi wa kujengea. Denver ilipata jibu lake ndani ya majuma machache ya msimu ule, na kila kitu kilichofuata hadi ubingwa wa 2023 kilitokana na jibu hilo.

Kabla ya badiliko lile Malone alijaribu kuwachezesha pamoja. Nurkić, mrefu na mzito, alikaa karibu na kikapu, na Jokić akasogezwa kwenye nafasi ya fowadi. Wengi walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukiangalia picha za mechi zile unaona kwamba shida kubwa ilikuwa ni udogo wa zizi. Wote wawili walihitaji eneo lilelile chini ya kikapu, kwa hiyo kila mwenzao aliyejaribu kupenya aliwakuta mabeki wawili warefu wamesimama mlangoni. Upande wa ulinzi Jokić alilazimika kuwafuata watu wepesi kuliko yeye hadi mbali na kikapu.

Nurkić alipotoka, uwanja ulifunguka. Jokić alipokea mpira kwenye pembe ya mstari wa mitupo huru, mita kadhaa kutoka kikapuni, na senta wa wapinzani hakuwa na budi kumfuata. Mlinzi wa lango akawa ameacha lango. Gary Harris, kijana mwepesi wa miguu, akawa anamzubaisha beki wake kwa hatua moja nje, kisha anachomoka nyuma yake kuelekea kikapuni. Mpira ulimkuta njiani. Asiyepewa pasi alipita karibu na Jokić, akapokea mpira mkononi mwake huku mwili wa Jokić ukimzuia beki, na shambulizi likaanza upya bila kusimama. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa na jina kubwa wakati ule. Walionekana wakubwa kwa sababu walipewa mpira mahali ambapo kazi ilikuwa imeshafanywa nusu.

Februari 2017 Denver ilimpeleka Nurkić Portland pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti (siku ile timu zinapochagua chipukizi kwa zamu), ikampata Mason Plumlee, senta wa akiba anayejua kupiga pasi. Kwa kuhesabu vipaji tu, Denver ililaliwa. Mwishoni mwa Machi Nurkić aliifunga timu yake ya zamani pointi 33 na kudaka ribaundi 16, na Portland ikaipiku Denver kwa mechi moja katika mbio za nafasi ya nane, tiketi ya mwisho ya mchujo. Wengine wangeanza kutafuta wa kulaumiwa. Uongozi uliendelea na mpango wake, na hilo ndilo ninalolistahi zaidi katika habari hii nzima. Ukishaamua kujenga juu ya mtu mmoja, huna budi kukubali kuwapoteza wachezaji wazuri ambao uzuri wao haukai pamoja na wake, na kukubali kuwaona wakikufunga.

Mji huohuo ulikuwa umeshajaribu njia nyingine. Mwaka 2003 Denver ilimchukua Carmelo Anthony katika nafasi ya tatu ya drafti. Anthony alikuwa mfungaji wa ajabu. Alipopokea mpira pembeni, wenzake walimwachia nafasi, naye akamkabili beki wake peke yake. Timu ile ilifika fainali ya Kanda ya Magharibi mwaka 2009 na kutolewa na Lakers kwa michezo 4 dhidi ya 2. Haikwenda mbali zaidi ya hapo. Mwishowe Anthony mwenyewe akataka kuondoka.

Aliyesimamia kuondoka kwake, Februari 2011, ni Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya na yeye mwenyewe alikulia Zaria, Nigeria. Ujiri hakukubali kutupa nyota wake kwa bei ya huruma. Alisubiri, akawapata wachezaji wanne wa New York, na ndani ya makubaliano akaweka haki ya kubadilishana nafasi ya drafti ya mwaka 2016. Miaka mitano baadaye Ujiri alikuwa ameshahamia Toronto. Haki ile ilipotumika, Denver ilichagua ya saba badala ya tisa, ikamchukua Jamal Murray. Nyota aliyeondoka alilipia nusu ya timu iliyojengwa kumzunguka nyota aliyefuata.

Jokić mwenyewe hakuonekana hivyo mwanzoni. Kijana wa Sombor, Serbia, alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, na jina lake lilitajwa huku televisheni ikionyesha tangazo la chakula. Katika drafti hiyohiyo Denver ilikuwa imemchukua Nurkić nafasi ya 16. Mwaka uliofuata ikamchagua Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, nafasi ya saba, na yeye ndiye aliyetegemewa kuongoza mashambulizi. Mudiay alihitaji mpira mikononi na hakuwa na mtupo wa mbali wa kutegemewa, wakati mpira ulikuwa umeshahamia kwa Jokić. Februari 2018 akauzwa New York. Kocha aliuona ukweli uwanjani, na ofisi ikaufuata hata pale ulipopingana na uchaguzi wake yenyewe.

Si kwamba hawakukosea. Usiku wa drafti ya 2017 waliipa Utah nafasi ya 13, ambayo ilikuwa Donovan Mitchell, wakapata Trey Lyles na chipukizi wa nafasi ya 24. Lile lilikuwa kosa kubwa na sioni namna ya kulitetea. Wengi husahau pia kwamba msimu wa 2017-18 nao uliishia mlangoni. Mechi ya 82, ya mwisho kabisa, walipoteza kwa Minnesota katika muda wa nyongeza wakakosa tena mchujo. Miaka miwili mfululizo, mechi moja moja. Malone alibaki, Jokić akapewa mkataba wa miaka mitano wa takribani dola milioni 148, na msimu uliofuata wakashinda mechi 54.

Linganisha na Philadelphia. Mwaka uleule wa 2014 ilimchagua Joel Embiid, Mkameruni, nafasi ya tatu, baada ya kukubali kupoteza misimu mfululizo ili ipate chipukizi wa juu. Msimu wa 2015-16 ilishinda mechi 10 tu kati ya 82. Embiid alikuja kuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2023, lakini hadi mwaka 2025 hakuwa amevuka raundi ya pili ya mchujo. Majeraha yamemwandama kweli, na hilo si la kupuuza. Hata hivyo, pembeni yake walipita nyota wengine, Simmons, Butler, Harden na George, kila mmoja akija na namna yake ya kucheza, na kila mara ikabidi kuzoeana upya.

Kuzoeana ndiko kulikotengeneza silaha kuu ya Denver. Murray anadunda mpira, Jokić anakuja kumwekea skrini, yaani anasimama njiani mwa beki wa Murray ili mwenzake apite. Mchezo huu kila timu inaucheza. Ugumu wa wawili hawa ni kwamba kila jibu la ulinzi lina adhabu yake. Senta wa wapinzani akibaki chini kulinda kikapu, Murray anasimama ghafla na kutupa. Mabeki wote wawili wakimrukia Murray, mpira unamfikia Jokić katikati ya uwanja, naye anawakabili watatu akiwa na wenzake watatu na macho yanayoona wote. Wakibadilishana watu, mtu mfupi anabaki na Jokić karibu na kikapu. Na kuna usiku wanageuza, Jokić ndiye anayedunda mpira na Murray ndiye anayeweka skrini, ulinzi uliofundishwa juma zima ukabaki haujui nani amfuate nani.

Ulinzi wa Denver ulihitaji ujenzi wa aina nyingine. Jokić si mzuiaji wa mitupo. Haruki juu kama wale senta wanaofukuza mipira ukutani. Kumwacha akae chini ya kikapu kungekuwa kumwonea. Malone alimpandisha hadi usawa wa skrini, mikono juu, apunguze kasi ya mwenye mpira. Gharama yake ni kwamba nyuma yake panabaki wazi, na lazima wenzake wajaze kwa zamu bila kuchelewa hata nukta. Ndiyo maana Machi 2021 walimtoa Harris, chipukizi R.J. Hampton na nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti ili wampate Aaron Gordon wa Orlando. Gordon ana kifua cha kuwakabili wafungaji wakubwa na miguu ya kurudi kuziba. Kwenye shambulizi alikubali kukaa pembeni mwa kikapu, karibu na mstari wa mwisho, akisubiri pasi za juu za kudanki. Alipokuwa Orlando, Gordon alikuwa mtu wa kupewa mpira. Kule Denver akawa mtu wa kuumalizia.

Murray alikatika kano ya goti Aprili 2021, na Jokić akabeba timu peke yake hadi tuzo mbili mfululizo za mchezaji bora. Miaka ile haikuzaa ubingwa. Mwaka 2022 wakaongezwa Kentavious Caldwell-Pope na Bruce Brown, watu wawili wanaolinda na wasiodai mpira, na Murray akarudi.

Fainali za 2023 dhidi ya Miami zilitufikia Afrika Mashariki, nyingi saa tisa na nusu usiku. Aliyekesha mchezo wa tatu aliona Jokić akifikisha pointi 32, ribaundi 21 na asisti 10, na Murray pointi 34, ribaundi 10 na asisti 10. Kabla ya hapo hapakuwa na wachezaji wawili wa timu moja waliofanya hivyo, pointi 30 na tarakimu mbili kwenye ribaundi na asisti, katika mechi moja. Mimi naukumbuka zaidi mchezo wa nne. Jokić aliingia kwenye matatizo ya faulo, na Gordon akafunga 27, Brown 21, kati ya hizo 11 kwenye robo ya mwisho. Denver ilichukua ubingwa wake wa kwanza tangu ijiunge na NBA mwaka 1976.

Majira yaleyale ya joto Brown akaenda Indiana, ambako alipewa fedha ambazo kanuni za mishahara hazikuiruhusu Denver kumpa. Mwaka uliofuata Caldwell-Pope akaenda Orlando. Hapa ndipo deni la nyota mmoja linapodaiwa. Mishahara ya Jokić, Murray na fowadi Michael Porter Jr. ilikuwa imemeza sehemu kubwa ya bajeti, na watu wa kati, wale wanaomfanya nyota apumue, hawakulipika. Vijana waliotegemewa kujaza nafasi zao hawakuwa tayari. Jokić alipokaa benchi, uongozi wa pointi uliyeyuka, kwa kuwa timu iliyofundishwa kukimbia kwa pasi zake haikuwa na mwingine wa kuzipiga.

Mei 2024, kwenye mchujo, Minnesota iliuanika udhaifu huo mbele ya wote. Timu ile ilikuwa imejengwa na Tim Connelly, mtu yuleyule aliyekuwa amemchagua Jokić. Minnesota haikumpanga senta wake Rudy Gobert amkabe Jokić muda wote. Karl-Anthony Towns ndiye aliyepewa kazi hiyo mara nyingi, na Gobert akawekwa kwa Gordon, kwa sababu mtupo wa mbali wa Gordon haukuogopwa. Gobert akamwacha, akasimama chini ya kikapu, na ule mlango uliofunguliwa Desemba 2016 ukafungwa tena. Katika mchezo wa saba Denver iliongoza kwa pointi 20 kwenye robo ya tatu na ikapoteza 98 kwa 90, nyumbani. Jokić na Murray walifunga 69 kati ya hizo 90.

Aprili 2025, zikiwa zimebaki mechi tatu za msimu, Malone na meneja mkuu Calvin Booth walifukuzwa. David Adelman alikabidhiwa timu, akaifikisha mchezo wa saba wa mchujo dhidi ya Oklahoma City, ikachapwa 125 kwa 93. Kilichofuata ndicho kinachonipa matumaini. Porter aliuzwa Brooklyn pamoja na nafasi ya drafti ya mwaka 2032, akaja Cameron Johnson mwenye mshahara mdogo zaidi. Nafasi iliyopatikana kwenye bajeti ikasaidia kumrudisha Bruce Brown. Na kutoka Sacramento akaletwa Jonas Valančiūnas, senta mzoefu wa kuingia uwanjani Jokić akikaa, kwa zile dakika kumi na kitu ambazo Denver ilikuwa imeziacha bila mwenyewe tangu wasambae mabingwa wa 2023.