Mikono Inayopanga Nyumba

Mikono miwili mikubwa inapanga nyumba ya mwanasesere. Inaweka kochi, inaweka meza, inasogeza kiti. Uso wa mwenye mikono huuoni. Kisha mikono inaanza kuwasha, inajikuna. Minyiri ya pweza inajitokeza. Maji yanafurika.

Hii ni dolefullhouse (2007), video ya Tabaimo, msanii wa Kijapani aliyezaliwa 1975 na kuiwakilisha nchi yake kwenye Biennale ya Venice mwaka 2011. Huchora kwa mkono, huskani michoro, kisha huijaza rangi na kuipa mwendo kwa kompyuta. Rangi zake ni zile zilizopoa za ukiyo-e, picha zilizochapwa kwa vibao vya mbao enzi za Hokusai.

Ni rahisi kusema kwamba kazi zake zinachanganya uzuri na kitisho. Mimi neno "kuchanganya" linanikwaza. Vinavyochanganywa lazima kwanza vilikuwa mbalimbali. Tazama hanabi-ra (2003): mwanamume yuko uchi, ametupa mgongo, na mwili wake umejaa tatuu za maua. Petali zinaanza kudondoka. Mstari wa mchoro hautetemeki, rangi haibadiliki, na hakuna muziki wa kukuandaa kuogopa. Lakini tatuu ndiyo kitu tulichoaminishwa kuwa hakitoki. Kinachotisha hapa ni ua linalofanya kile ambacho maua yote hufanya. Ukiuondoa uzuri, kitisho nacho kinaondoka.

Niliitazama dolefullhouse mara ya kwanza miezi michache baada ya kumzika baba. Wiki ile ya msiba nilifua vitambaa vya makochi, nikavipiga pasi, nikapanga picha ukutani kwa urefu. Wageni waliisifu nyumba. Nilidhani nazuia kitu kisiingie, kumbe kilikuwa ndani muda wote, na mikono yangu ilikuwa ikikizunguka tu.

Kazi hii ina udhaifu wake. Ukiirudia, unajua maji yanakuja, na mshtuko ule wa kwanza haurudi. Wiki iliyopita niliirudia hata hivyo, kwa ajili ya tasnifu yangu. Pweza hakunishtua. Kilichonishika ni ile dakika ya mwanzo, kabla ya lolote kutokea: mikono imetulia, inasogeza kiti kidogo, kana kwamba kikikaa sawa, yote yatakuwa sawa.